Visukumio na Vishikilio vya Kujitengenezea vya Kusagia Bapa la Kisu

Mashine kubwa ya mkanda wa msasa, ile inayopendwa na watengeneza visu, inaweza kukimbiza mkanda mita 20 hadi 30 kwa sekunde. Chukua mita 25: hiyo ni kilomita 90 kwa saa. Vidole vyako viko milimita chache kutoka hapo, vikikandamiza kipande cha chuma ambacho kila dakika kinazidi kupata moto na kuwa chembamba.

Kisukumio ni kipande cha mti kinachokaa kati ya kidole na bapa. Watu wengi hukichukulia kama kitu cha kuokoa ngozi ya vidole, na kweli kinaiokoa, lakini mimi nakithamini zaidi kwa usafi wa kazi. Kidole kinachoungua hulegea chenyewe hata kama hutaki, na kila kinapolegea na kukaza tena, msasa unakula chuma kwa kuruka ruka. Ndiyo maana mteremko wa makali wa anayeanza, yaani ule uso ulioinama unaoshuka hadi kwenye makali, huwa na mabonde. Mti hauungui upesi hivyo, basi mkono wako unaweza kubonyeza kwa nguvu ileile tangu begani mwa kisu, pale mteremko unapoanza karibu na mpini, hadi nchani.

Kuna kitu kimoja unachokipoteza ukishika mti, na ni bora ukijue kabla hujachukua msumeno. Kidole ndicho kipimajoto chako. Bapa ambalo halijagumishwa kwa moto halidhuriki likipata joto la kusagwa, kwa hiyo hapo sukuma bila wasiwasi. Lakini bapa lililokwisha gumishwa, likazimishwa kwenye mafuta, kisha likapashwa tena kwa moto mdogo ili lisikatike kama kioo, linaharibika likivuka joto lile la kupashwa, ambalo kwa visu vingi ni karibu nyuzi 200 za Selsiasi. Kwenye chuma cha kawaida cha kaboni rangi itakuambia: manjano kama majani makavu huja kwenye nyuzi 200 na kitu, bluu huja karibu na 300. Ukiiona bluu kwenye makali, ugumu wa sehemu hiyo umeshuka na kuisugua rangi ikatoka hakuurudishi. Unapotengeneza kisukumio, basi, tengeneza na njia ya kujua joto. Nitaionyesha kwenye kisukumio cha pili.

Kabla ya kukata mti

Weka kiegemeo cha mashine, ile meza ndogo ya kuegemezea kazi mbele ya mkanda, karibu na mkanda, nafasi isizidi milimita 2 au 3. Nafasi kubwa ndiyo inayomeza ncha ya kisu: mkanda unashuka, unaivuta ncha kwenda chini, bapa linakwama kati ya chuma na mkanda, kisha linarushwa. Usivae glavu za kitambaa karibu na mkanda. Ukishikwa uzi, mkono wote unafuata. Mikono mirefu ya shati ikunjwe, nywele zifungwe. Miwani ya kinga ivaliwe, na barakoa ya vumbi iwe ile ya kuchuja chembe ndogo kabisa, inayobana uso vizuri, si kipande cha kitambaa.

Jambo linalosahauliwa zaidi ni moto. Unakwenda kukata na kusugua mti, kisha kwenye meza hiyohiyo unarusha cheche za chuma. Unga wa mti na cheche havikai pamoja. Fagia kwanza, na kama mashine ina mfuko au ndoo ya kukusanyia vumbi, imwage kabla ya kubadilisha kazi.

Chora mistari ya makali

Kishikilio kizuri bila mistari kitakusaidia kukosea kwa unadhifu. Paka upande wa makali kwa kalamu ya wino mzito, laza bapa kwenye kitu bapa kabisa (kipande cha kioo kinafaa), kisha laza kando yake ncha ya kutobolea ya drili na uiburuze kwenye ukingo. Kichongoo cha ncha hiyo kiko katikati ya unene wake, kwa hiyo inachora kwa kimo cha nusu ya unene huo. Kwa bapa la milimita 4, tumia ncha ya milimita 3.4: itachora kimo cha milimita 1.7. Geuza bapa, chora tena. Una mistari miwili yenye milimita 0.6 katikati yake, na hicho ndicho chuma cha kubakiza kwenye makali kabla ya kugumisha. Ukisaga hadi sifuri kabla ya moto, makali yatajikunja au kupasuka kwenye mafuta.

Halafu chukua mkanda uliochakaa, uvunje kona za ukingo kwa mshazari wa nyuzi 45 hivi hadi karibu na mistari. Kona kali ya chuma hung'oa chembe za mkanda mpya katika mapito ya kwanza tu.

Kisukumio cha kwanza: mti mtupu wenye mdomo

Hiki ndicho cha kazi nyingi, na ukiwa na muda wa kutengeneza kimoja tu, tengeneza hiki.

Tafuta mti mgumu, mkavu, wenye nyuzi zilizonyooka. Kata kipande cha milimita 30 kwa 40, urefu milimita 300. Nyuzi ziende kwa urefu wa kijiti. Zikikata kwa mshazari, mdomo utabanduka ukiwa kazini. Mbao zilizogandishwa kwa tabaka hazinifurahishi hapa, kwa sababu mdomo mwembamba wa tabaka hukatika upesi.

Upande mmoja wa kichwa cha kijiti, chonga ngazi: uso wa kusukumia wenye kimo cha milimita 20 hivi, na chini yake mdomo unaotokeza mbele. Mgongo wa kisu utakaa juu ya mdomo huo, makali yakiangalia juu, na uso wa mti utasukuma bapa kutoka nyuma. Sasa tazama kina cha mdomo, maana hapo ndipo kijiti kizuri na kibaya hutofautiana. Mdomo lazima uwe mfupi kuliko unene wa bapa. Kwa bapa la milimita 4, mdomo utokeze milimita 2.5, usizidi 3. Ukitokeza zaidi, mti utagusa mkanda kabla ya chuma: utanuka moshi, mdomo utaliwa, na kisu kitakosa pa kukaa kikiwa katikati ya mkanda. Pima kwa kukalisha bapa kwenye mdomo na kupitisha ukucha kutoka kwenye chuma kwenda kwenye mti. Ukucha ushuke kutoka kwenye chuma. Ukipanda, rudi kwenye patasi.

Kona ya ndani, pale uso unapokutana na mdomo, iwe safi na kali. Vumbi la chuma likijazana hapo, bapa linakaa juu ya vumbi na si juu ya mti, na pembe yako inabadilika bila wewe kujua. Mimi hupitisha msumeno mara moja kwenye kona hiyo, kimfereji cha milimita moja tu, ili vumbi lipate pa kuangukia.

Mwisho wa nyuma wa kijiti uviringishe ukae vizuri kwenye kiganja. Usifunge kamba wala kitanzi cha kuvaa mkononi. Mkanda ukikinyakua kijiti, unataka kiondoke peke yake.

Maliza kwa kusugua nta ya mshumaa kwenye uso na kwenye mdomo. Nta ina maana yake: kijiti hiki husimama mahali pamoja na bapa ndilo linaloteleza juu yake. Mkono mmoja unashika msuka, yaani mkia wa kisu unaoingia kwenye mpini, na kuvuta kisu pole pole kupita mbele ya mkanda. Mkono wa pili unakishika kijiti katikati ya mkanda, bila kukihamisha. Kwa njia hiyo nguvu inabaki palepale msasa unapokata, nyuma yake moja kwa moja. Kijiti kikisafiri pamoja na kisu, nguvu husogea hadi ukingoni mwa mkanda, na ukingo wa mkanda ukibonyezwa huchimba mstari ambao utausugua hadi uchoke.

Viwiko vibane mbavuni na uvute kwa kuhamisha uzito wa mwili kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Mikono ikicheza, pembe inacheza.

Mdomo utaliwa tu, hata ukiwa mwangalifu. Hiyo ndiyo sababu ya urefu wa milimita 300: ukichakaa, kata sentimita mbili kichwani na uchonge upya. Kijiti kikifika milimita 180 hivi, kiwe kuni. Mkono umeshakuwa karibu mno na mkanda.

Kisukumio cha pili: chenye ngozi

Ukimaliza upande mmoja na kugeuza kisu, hali inabadilika. Sasa nyuma ya bapa kuna mteremko uliokwisha sagwa. Uso bapa wa mti ukiusukuma mteremko huo, bapa hujaribu kulala sawa na mti, na pembe ya upande wa pili inatoka tofauti na ya kwanza hata kama mikono yako haikukosea chochote. Wengi hulaumu mkono dhaifu kwa kosa hili, kumbe ni uso wa kijiti.

Dawa ni uso laini na mwembamba. Tengeneza kijiti kingine kama cha kwanza, lakini uso wa kusukumia upunguze ubaki upana wa milimita 15 hivi, kisha gundisha kipande cha ngozi nene, milimita 3, upande wa ndani, ule uliokuwa umeshikana na nyama, ukitazama nje. Kina cha mdomo kipimwe kuanzia kwenye uso wa ngozi, si wa mti, kwa hiyo mti wenyewe uchongwe kwa milimita 3 zaidi. Ngozi inabonyea kufuata mteremko bila kuulazimisha. Gundi nyingi za kawaida hulegea zikipata joto, kwa hiyo ngozi iwe ndefu kidogo, ikunjwe juu ya kichwa cha kijiti na kupigwa misumari midogo huko juu nyuma, mahali ambapo mkanda haufiki.

Ngozi hii ndiyo itakayokurudishia habari za joto. Ilowanishe kabla ya kuanza. Bapa likipata moto, maji kwenye ngozi yataanza kulia na kutoa mvuke kabla chuma hakijafika mahali pa kubadilika rangi. Ukisikia mlio, chovya. Na kila unapochovya kisu kwenye ndoo, kitoe bila kukifuta: matone yanayobaki juu ya bapa ni ya kutazamwa. Yakianza kukimbia na kukauka karibu na makali, pitisho hilo limekwisha, rudi kwenye maji. Kwa kisu kilichogumishwa mimi huchovya baada ya kila pitisho bila kungoja dalili yoyote, na karibu na ncha, ambako chuma ni kidogo na joto halina pa kwenda, huchovya hata katikati ya pitisho.

Mkanda butu hupasha chuma moto kuliko mkanda mkali, kwa sababu unasugua badala ya kukata. Ukijikuta unasukuma kwa nguvu zaidi ili upate cheche zilezile, tatizo ni mkanda. Kisukumio kinarahisisha kosa hili, maana mti hautalalamika.

Kishikilio cha chuma cha pembe chenye boliti

Vijiti viwili hivyo vinategemea mkono wako kwa pembe. Anayetaka pembe ileile pande zote mbili, hasa kwenye visu vya kwanza, atengeneze hiki. Kinahitaji drili na kifaa cha kukatia hesi, basi.

Chukua chuma cha pembe cha milimita 50 kwa 50, unene 5, urefu milimita 150. Ubawa mmoja utalala juu ya kiegemeo ukielekea kwako. Ubawa wa pili utasimama ukitazama mkanda, na kisu kitafungwa juu yake, makali juu. Kwenye ubawa uliolala, katikati ya urefu, pima milimita 40 kutoka uso wa mbele, toboa tundu la milimita 5 na kata hesi za boliti ya M6. Boliti iingie kutoka juu, na mwisho wake uviringishwe kwa tupa ili uteleze kwenye kiegemeo bila kukwaruza. Tia nati ya kufungia juu yake.

Ukikaza boliti, nyuma inainuka, na ubawa uliosimama unainamia mkanda. Makali yanagusa kwanza. Hesi ya kawaida ya M6 husogea milimita 1 kwa mzunguko, kwa hiyo mzunguko mmoja kwenye umbali wa milimita 40 ni karibu nyuzi 1.4.

Unataka nyuzi ngapi? Rudi kwenye mistari. Kwa bapa la milimita 4 unaondoa milimita 1.7 kila upande. Ukitaka mteremko wenye kimo cha milimita 25, gawa 1.7 kwa 25, unapata 0.068, ambayo ni karibu nyuzi 3.9. Zidisha 0.068 kwa 40 upate kiasi cha kuinua nyuma: milimita 2.7, yaani mizunguko miwili na robo tatu hivi. Anza kwa kukaza zaidi kidogo ya hapo, upate mteremko mfupi wenye pembe kubwa, kisha legeza robo mzunguko kwa robo mzunguko huku mteremko ukipanda kuelekea mgongoni. Ukianza na pembe ndogo na ukala mgongo, hakuna kurudi nyuma.

Kisu kifungwe kwa msuka: boliti ipite kwenye tundu lilelile la pini ya mpini, na klampu ndogo isaidie pembeni, mbali na mkanda. Inua kisu ili makali yapite juu ya chuma cha pembe kwa angalau milimita 5. Ubawa ukiwa mrefu kuliko makali, mkanda utakula kishikilio. Bapa refu litapinda mbele ya mkanda kwa sababu limeshikwa upande mmoja tu, kwa hiyo nyuma yake, upande wa ncha, weka kabari nyembamba ya mti au kipande cha ngozi.

Kifaa hiki kinatoa mteremko ulionyooka na hakijui kufuata mkunjo wa tumbo la kisu, yaani pale makali yanapopinda kuelekea nchani. Ukikaribia mkunjo, zungusha kishikilio kizima kwenye kiegemeo kadiri ya mkunjo, au malizia sehemu hiyo kwa kijiti cha ngozi. Napendelea njia ya pili.

Sumaku, koleo na bega

Ubao wenye sumaku huvutia kwa wepesi wake: unabandika kisu na kuanza kazi. Tahadhari ni mbili. Sumaku hushika sana ukivuta moja kwa moja na hushika kidogo ukisukuma kwa pembeni, na mkanda husukuma kwa pembeni. Kwa hiyo ubao uwe na mdomo kama wa kijiti, sumaku isaidie tu. Na sumaku za kawaida za neodimi hupungua nguvu zikivuka nyuzi 80 hivi, joto ambalo bapa kavu hulifikia upesi. Zizamishe milimita moja ndani ya mti na uzifunike kwa ngozi nyembamba. Zikiwa wazi, zitakusanya vumbi la chuma ambalo litakwaruza upande uliokwisha kusuguliwa vizuri.

Koleo la kujifunga linafaa kukata umbo la nje tu. Kwa mteremko ni zito na linavuta kisu chini.

Kwa bega, yaani pale mteremko unapoanza karibu na mpini, funga vipande viwili vya chuma kilichogumishwa, kimoja kila upande wa bapa, kwa boliti mbili, kingo zake zikiwa sawasawa. Kingo hizo huzuia mkanda kupita mstari, na mabega ya pande mbili yanatoka yakitazamana. Hakikisha ukingo wa mkanda unatokeza milimita 2 au 3 nje ya bamba la nyuma, lile la chuma linaloegemewa na mkanda, vinginevyo bega litakuwa kali mno, na pembe kali kama hiyo ni mahali ambapo ufa huanzia wakati wa kugumisha.

Ncha

Ncha ikifika katikati ya upana wa mkanda, punguza nguvu na ukiondoe kisu kwenye mkanda kwa kukivuta kuja kwako. Usiivute ipite ukingo wa pili huku unabonyeza: itaviringika, au itashikwa. Kwenye tumbo la kisu inua mkono wa msuka polepole ili sehemu inayogusa ibaki imelala vilevile mbele ya mkanda, na kijiti kiwe nyuma ya sehemu inayogusa, kamwe si nyuma ya ncha inayoning'inia hewani. Bapa likishakuwa jembamba kiasi cha kupinda ukilisukuma kwa kidole, hamia mkanda wa namba 220 au laini zaidi, punguza mwendo wa mashine kama inaruhusu, na tumia kijiti cha ngozi peke yake, kikiwa kimelowa.